Uchovu wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe, mke wa mwanangu, amelala tena mchana! Karudi kwa dobi anakopiga pasi, kavua viatu, kajitupa kwenye kochi. Vyombo vya asubuhi bado viko kwenye sinki. Nimeviosha mimi, kwa vishindo, asikie. Hakuamka. Miaka ishirini na sita nilikuwa matroni wa bweni la wasichana — wa kujisingizia nawajua kwa kuwatazama tu.

Alhamisi, 6 Machi
Barafu! Anachota vipande kwenye friji, anatafuna karu-karu kama punda na mahindi. Nikamwambia atavunja meno. Akacheka: "Mama, hata mimi sijielewi. Nikiikosa siku moja, roho haitulii." Ngazi za ghorofa ya pili anapumzika mara mbili, mkono kifuani. Miaka thelathini na nne! Mimi na sitini na nane yangu nampita.

Jumapili, 9 Machi
Mwanangu yuko safarini na lori. Tuko wawili tu. Mkwe alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, anaona haya. Hedhi siku tisa, damu mabonge mabonge, kichwa kinagonga, masikio yanavuma. Akaomba nimsindikize kwa daktari. Nikamwambia mwanamke ni kuvumilia, sote tumepita huko, anywe maji alale. "Sawa, mama." Akaenda kunyoosha mashati ya mumewe.
Sikumfokea. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumatano, 12 Machi
Hakwenda kazini leo, nami nilishaanza kununa. Saa nne asubuhi nikasikia kikombe kinaanguka. Nikapaza sauti: "Umevunja?" Nikaenda kuangalia. Nikamkuta sakafuni, mdomo umepinda, mkono wa kulia kama si wake. Anataka kusema, inatoka "ba... ba..." tu. Jirani yetu fundi umeme akambeba mgongoni mpaka chini.
Hospitalini wanasema ni kiharusi. Kiharusi ni cha wazee! Ni changu mimi mwenye presha. Si chake.

Ijumaa, 14 Machi
Mwanangu amefika na vumbi lake la safari. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alimvuta mkwe kope la chini mbele yetu: ndani jeupe kama karatasi. Damu yake sita, ilipaswa kufika kumi na mbili. Madini ya chuma yamekwisha mwilini, yametoka na hedhi mwezi baada ya mwezi. Damu ya hivyo, anasema, haifikishi hewa ya kutosha kwenye ubongo. Tena wakati mwingine huganda upesi, donge likaziba mshipa. Haapi kwamba ndiyo sababu pekee. Ila moyo wamepima, presha wamepima, hawakuona kitu. Akauliza kama anapenda kutafuna barafu — hata sijamwambia! Kumbe ni dalili.
Kisha: "Hakuwahi kulalamika nyumbani?"
Mwanangu akanigeukia. "Mama?"
Nikasema hapana.
Mkwe alikuwa macho.

Jumapili, 16 Machi
Wamemwongezea damu. Midomo imepata rangi kidogo. Nimemkata kucha — zimebonyea katikati kama vijiko. Miaka mitatu mikono hii inanipakulia chakula, sijawahi kuitazama. Nimelia chooni, bomba nimefungua.

Jumatano, 19 Machi
Mguu umesogea. Mkono bado. Mwanangu anawaambia wageni: bila mama yangu angefia sakafuni. Nawamiminia chai.

Jumamosi, 22 Machi
Naandika kwenye benchi la korido. Mwalimu wa usemi amekuja asubuhi. Anasema mgonjwa anaelewa kila neno, tangu siku ya kwanza. Kinachomshinda ni kutamka, na maneno yatarudi. Nimeomba yarudi. Naogopa yasiporudi. Naogopa yakirudi — Mungu anisamehe.
Akamshika kidevu, ajaribu. Ikatoka: "Ma—"
Mwanangu akaruka. Maji! Anataka maji! Akaleta kikombe. Mkwe akafumba mdomo, akageuza uso. Akanitazama mimi.
"Ma—" tena.
"Anakuita wewe, mama," mwanangu akasema, anacheka huku analia. Akavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda. "Njoo ukae, msikilize anachotaka kukwambia."
Nikasema naenda kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Mlango uko wazi, nawasikia. Mwanangu anamwambia: subiri, anakuja, mama anakuja sasa hivi