Jibu la Mwalimu Ukutani

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Kimya kalipuka leo darasani! Kimya wetu, yule anayeomba ruhusa hata ya kupiga chafya!

Tulikuwa tunafundishwa namna ya kumwandikia mgonjwa aliye nyumbani, aone muuguzi anamjali. Yule mwalimu mwenye ulimi wa pilipili akaunganisha simu ya Kimya na projekta, akasoma jibu lake la zoezi kwa dharau: "Pole. Meza dawa, kesho nitakupigia."

Akamgeukia. "Hivi ndivyo unavyomfariji mtu? Huna utu wewe!"

Huna utu! Mtu kamzika baba yake wiki mbili tu zilizopita!

Kimya hakulia. Alishika simu, akatafuta ujumbe aliomwandikia mwalimu huyohuyo siku ya msiba. Ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango: "Mwalimu, baba amefariki asubuhi hii. Naomba ruhusa ya kukosa jaribio la leo."

Na chini yake jibu la mwalimu: "Leta cheti cha kifo. Bila hicho unapata sifuri."

Sifuri, shoga! Mtu kafiwa!

Mwalimu akafoka, "Zima hiyo! Toka nje!"

Kimya akasimama palepale. "Langu umelisoma kwa sauti. Soma na lako."

Mwalimu akagoma. Sisi wa nyuma tukaanza: soma, soma, soma.

Basi akasoma. Akasoma mpaka kwenye sifuri, kisha akakusanya vitabu vyake akatoka.

Pole hajasema mpaka sasa hivi ninapokuandikia.