Dawa ya Uvimbe

Jumatatu, 16 Juni

Namwa ana homa tangu jana mchana. Hana mafua, hakohoi hata kidogo. Koo tu. Akimeza mate anakunja uso na kushika shingo. Nimemmulika kwa tochi — mafindofindo mekundu, yamevimba, yana madoa meupe ya usaha. Madoa hayo nayajua. Nilikuwa na miaka saba nilipoyaona mara ya kwanza, kinywani mwa dada yangu Phikul.

Mama kamfunga mjukuu wake uzi mweupe mkononi ili roho isitangetange. Halafu kanituma dukani nikanunue vile vidonge vyekundu na vyeusi ambavyo hapa kila mtu huviita dawa ya uvimbe. Viwili vitatu, anasema, vinatosha. Nikamwambia kesho tunakwenda zahanati. Haya, akasema, msomi ni wewe!

Mdogo wangu kapiga simu kutoka kiwandani, Rayong, kule pwani. Nikamwambia bintiye Namwa hajambo. Ningesema nini?

Jumanne, 17 Juni

Zahanati. Ndala zimejaa mlangoni, mvua inazichezea. Tumengoja mpaka Namwa akalala mapajani mwangu.

Muuguzi Orathai kamshika shingo, akaona tezi zimevimba. Akapangusa koo kwa kijiti cha pamba, akapima. Ni bakteria. Ingekuwa mafua ya kawaida, alisema, nisingekupa kidonge hata kimoja. Akauliza kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumletea vipele. Hapana.

Vidonge ishirini. Kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa kumi na mbili jioni. Siku kumi! Hata akianza kuruka kamba siku ya tatu, siku kumi. Akitoka vipele, niache kumpa, nirudi. Akipumua kwa shida, mbio hospitali. Nikisahau kimoja, nimpe nikikumbuka, nisimpe viwili kwa mpigo.

Na tena, kasema, usiite dawa ya uvimbe, Dada Lamduan. Haitibu uvimbe. Inaua bakteria. Nikacheka. Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa kijiji hiki akiiita vingine.

Cha kwanza kakimeza palepale. Tumefika nyumbani, Mama akauliza kapewa nini. Nikajibu: dawa ya uvimbe. Ulimi huu!

Cha asubuhi nitampa mimi. Cha jioni atampa Mama, kwa kuwa karakana ya kushona hainiachii kabla ya saa moja. Jumapili vyote viwili mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Homa imekwisha! Asubuhi Namwa kala wali wa kunata, kafinyanga donge kachovya kwenye mchuzi wa samaki wa jana. Anaongea tena mpaka masikio yanauma. Nimefurahi, nimefurahi mno.

Nilipokuwa natoka, Mzee Kamphan wa jirani kaja anachechemea. Nasikia mna dawa ya uvimbe, akasema, hebu nipeni kimoja, goti langu limekuwa boga. Nikamwambia hii si ya magoti. Eti, uvimbe si uvimbe? Wewe Lamduan, uchoyo umeanza lini? Mama akacheka hadi akashika mbavu. Nami nikacheka, lakini bahasha niliiweka juu ya kabati.

Njiani nimepita kwa wale wanaofuga viwavi wa hariri. Wamebaki wao tu. Nikasimama nje kusikiliza. Viwavi wakila majani ya mforsadi hutoa sauti ya manyunyu juu ya paa, na sisi tulilala chini ya sauti hiyo utoto wetu wote, mimi na Phikul, mkeka mmoja. Mama alikuwa hodari wa kusokota hariri. Chungu cha vifukofuko kikichemka, Phikul alikaa upande wa kulia, mimi kushoto, tunangoja kula yale mabuu yaliyoiva ndani. Kila akipata mawili, moja langu. Sijui kwa nini tuliacha kufuga. Najua. Baada ya Phikul, Mama hakukigusa tena kile chungu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimechoka. Sare za shule, mia mbili. Mama anasema Namwa kanywa chake. Nimelala na uzi kwenye nywele.

Jumamosi, 21 Juni

Namwa kacheza mvuani, mchafu kama nyati. Nilipomkaripia akanijibu, Shangazi, nimepona, Bibi kasema. Kicheko chake ni cha Phikul kabisa. Hawajawahi kuonana, kakipata wapi?

Nataka niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Phikul alikuwa na miaka kumi. Gari la madaktari lilipita kijijini, wakampa bahasha ya vidonge vyeupe. Siku tatu, homa ikakata, akarudi kunipigia makelele mtoni. Wiki chache baadaye magoti yakaanza kumuuma, leo hili, kesho lile. Kisha miaka ya kupanda ngazi za nyumba yetu iliyo juu ya nguzo akipumzika katikati. Alikuwa akijifanya anatazama nje. Njoo uone yule kunguru, alikuwa akiniambia. Nami nilikuwa nakwenda kuona! Hakukuwa na kunguru.

Alikuwa na kumi na tisa walipomlaza hospitali ya mkoa, na hakutoka hai. Daktari alinikuta mlangoni peke yangu. Mama alikuwa ameshuka kununua wali. Akaniambia milango ya moyo imeharibika. Kwamba ilianzia kooni, utotoni, kwa ugonjwa wa bakteria ambao dawa yake haikumalizwa.

Mama aliporudi nilimwambia: daktari kasema ni ubovu wa moyo wa kuzaliwa nao.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sijutii. Au najuta, sijui. Tangu siku hiyo, Mama akimtaja Phikul hutabasamu. Nimemnunulia tabasamu hilo kwa uongo mmoja.

Jumatatu, 23 Juni

Umeme ulikatika karakana, tukaruhusiwa mapema. Nimeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili kasoro. Mama alikuwa jikoni. Kachukua kidonge kwenye bahasha, kakikunja ndani ya kitambaa, kakitia kwenye kopo lake la tambuu. Namwa yuko uani anaruka kamba.

Mama, nikasema.

Hakushtuka. Tangu Alhamisi, akasema, bila hata kuona haya. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jana, Jumapili, nilikuwepo mimi, nilimpa mwenyewe. Viwili vimo koponi, na cha leo juu yake. Kimoja kapewa Mzee Kamphan, na goti — eti limepata nafuu!

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele. Akanitazama tu, mikono mapajani. Koo limenywea, akasema, nimelitazama mwenyewe. Dawa ya uvimbe ya nini mahali pasipo uvimbe? Si wewe uliyesema ni dawa ya uvimbe? Nimemwekea akiba, koo likirudi asihangaike. Phikul alikunywa siku tatu tu, akapona.

Hakupona, nikasema.

Lilinitoka. Neno moja. Mama akafunga kopo la tambuu, akaenda kuchota maji ambayo tayari yalikuwa yamechotwa.

Nimempigia Muuguzi Orathai. Mpe cha leo sasa hivi, akasema. Kimoja tu, usifidie vilivyopita. Kesho asubuhi mlete, na bahasha uje nayo.

Jumanne, 24 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Orathai kamsikiliza Namwa moyo, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Hakuna kibaya alichosikia. Kampigia daktari wa wilaya, wakakubaliana tuanze kuhesabu siku kumi upya. Kaniongezea vidonge. Akikosa tena kidonge nisimfiche, kasema, nije tu. Hakunigombeza. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyetaja lile jina. Akasema hata yeye, akiwa na bibi yake, linamponyoka.

Vile viwili vya koponi nimemwachia aviharibu. Mzee Kamphan nimempitia, nikamwambia akapimwe goti na asimeze tena vidonge vya watu. Kaniambia nimekuwa mkali kama mke wake wa kwanza. Sikucheka.

Mama mchana hakula. Alasiri kaniita pale kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, mahali tulipokuwa tunakaushia hariri. Ameshika kitambaa kingine, cha hariri, njano ile ya mkono wake mwenyewe. Nikadhani ni tambuu. Akakifungua.

Vidonge. Vilikuwa vyeupe zamani. Sasa vina rangi ya meno, vingine vimegeuka unga.

Viko kumi na vinne, akasema. Vya Phikul. Nilikuwekea wewe. Mlikuwa mnalala mkeka mmoja, nikasema ugonjwa ukimhamia mdogo mtu, gari la madaktari halitakuwepo.

Miaka arobaini, ndani ya sanduku la nguo zake. Mimi nililala chumba hichohicho.

Mama akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, na akatabasamu lile tabasamu, lakini halikukaa. Siku ile hospitali, akasema, nilirudi na wali nikakuta umelia. Ukaniambia moyo wa kuzaliwa nao. Nikakubali, mwanangu. Nilitaka sana kukubali.

Kisha akauliza: Vingemtosha?

Nikasema Namwa ananiita. Hakuniita. Nimekuja jikoni, nimewasha moto ambao sina cha kupika juu yake, naandika hapa nimesimama. Kupitia nafasi za mbao za sakafu nakiona kichwa cha Mama. Hajaondoka. Kitambaa bado kiko wazi mapajani.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Namwa kapanda ngazi kwa mbio, zote bila kupumzika, anauliza kidonge chake kiko wapi. Nimemjazia kikombe maji. Nimemwambia tukamezee chini, mbele ya Bibi. Kanishika mkono, ananivuta, na Mama kasikia mbao zinalia, ameinua uso —