Salamu Nilizowarudishia Wauzaji

Jumanne, baada ya alasiri

Kumbe mwanangu Zuwena kaniandikia mara tatu kutoka London na barua zote zimemrudia, kwa sababu sanduku langu la barua pepe limejaa matangazo ya saa na dawa za kupunguza unene.

"Mama, umewajibu hawa?" kauliza Asila, mdogo wake. "Ukijibu ndiyo wanazidi."

"Wamenisalimu kwa jina langu. Ninyamaze?"

Akacheka. Ofisini kwao Ruwi, hapa Muscat, wanasema itakuja sheria, mfanyabiashara asimwandikie mtu bila ya ruhusa. Nikawaona wauzaji wote mlangoni, wamevua viatu, wanangoja niitikie hodi, na Zuwena, na mimba yake, anawapita katikati kuja kwangu.

Lakini sheria bado, na mwezi wake wa kujifungua ndio huu. Nnaogopa. Nimemwambia Asila amtumie ujumbe kwa simu yake: Mwanangu, nipigie simu upesi.