Chakula cha Punda Watatu

Machakos mjini
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Habari za huko mlimani? Na goti lako, limepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Ushirika wetu wa maziwa umenipa kazi ya kupunguza matumizi. Nimekaa na vitabu wiki nzima. Baba, utacheka! Kila mwezi tunanunua chakula cha punda watatu, na kuna watu wawili wanaolipwa kuwaongoza. Punda, mwaka huu! Nimefuta mstari wote kwa kalamu nyekundu, na mwenyekiti akanipa mkono mbele ya kamati. Sasa kila mtu atashusha maziwa yake mwenyewe hadi barabarani, lori liyakute hapo.

Mwanao,
Ndanu

Juu ya Muthetheni
19 Februari 2024

Mwanangu Ndanu,

Sisi tuko salama. Goti linauma ila halijanilaza. Nimefurahi umepewa mkono.

Swali moja tu, na kuuliza si ujinga: kabla ya kumfuta punda, ulimuuliza mtu anafanya kazi gani? Barua hii nampa dereva wa lori. Nijibu ukipata nafasi.

Baba yako,
Nzau

Juu ya Muthetheni
30 Mei 2024

Mwanangu,

Hujambo? Jibu sikupata, nikasema kazi ni nyingi. Mvua ilikuwa nzuri na mahindi yapo.

Haya mengine sikutaka kuyaandika. Tangu punda waondoke, maziwa yanafika barabarani saa tatu yakiwa yamechacha, na Onesmus mpimaji anayakataa. Nyumba kumi na moja sasa zinamuuzia mchuuzi kwa bei ya kutupa. Jirani yetu Kalunde, mjane na umri ule, anabeba mtungi mwenyewe.

Wewe pia uliubeba, Ndanu, kamba ikikukata kwenye paji la uso, na shuleni ukifika umechelewa. Kwa ajili hiyo nilisimama mkutanoni kuomba punda, nikachekwa, nikaomba tena. Siku hizi nakaa nyuma. Watu wakiuliza yule binti wa kalamu nyekundu ni wa nani, nainama nafunga viatu.

Baba yako,
Nzau

Machakos mjini
12 Juni 2024

Baba,

Pole kwa goti, na pole kwa yote.

Swali lako nililisoma mwezi wa pili, nikaona ni la mzee asiyejua hesabu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Jana alfajiri nilipanda hadi kwa Kalunde. Kwako sikupita, sikuwa na uso wa kubisha mlango. Nikabeba mtungi wake kwa kamba, nikapumzika mara tisa. Onesmus alinusa, akatazama pembeni, akaandika "yamekataliwa". Nikataka kumlipa Kalunde kutoka mfukoni mwangu. Akakataa, akasema kitu kisichonunuliwa hakilipwi. Kanuni hiyo ya ushirika niliiweka mimi.

Nimevirudia vitabu. Tulichopoteza kwa maziwa ni mara nne ya chakula cha punda. Na chakula cha hoteli kwenye vikao vya kamati sikukifuta, kwa sababu wanaokila ndio walionipa mkono.

Jumamosi nitasimama mbele ya wanachama niyaseme haya yote. Huenda nikafukuzwa. Sikuombi ukae mbele. Ila wakiuliza binti huyu ni wa nani, Baba, viatu viache.

Mwanao,
Ndanu