Wimbo Uliookolewa na Ukili Mbovu

Jumamosi, kijijini Kanga, Mafia. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, sasa jua limetoka, na mimi nina vidole viwili vilivyochanika na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Wanaonisoma hapa wanajua kuwa tangu nirudi kisiwani mwaka jana naandika riwaya. Ni ya mapenzi, na ina jini. Binti anaitwa Mwanashungi. Mji wao umemezwa na bahari, watu wake wamehamia pwani ya ugenini, na huko anapendwa na jini mwenye kisima. Jini anakubali kuwapa wahamiaji maji na kumuoa yeye, ila mahari anatoa binti: kila siku ampe neno moja la kwao, na neno likishatoka halimrudii tena. Hadithi hii sikuibuni mimi. Mama alinisimulia Dar, kwenye chumba chetu cha kupanga, sisi nasi tukiwa tumehama. Kwa Mama iliishia pale binti anapotoa neno la mwisho, jina lake, na kusahau alikotoka.

Nami nimeiandika hivyo. Nililia nikiiandika.

Wiki hii mhariri wangu ameniandikia kwa adabu kwamba kitabu ni kizuri, ila wimbo anaouimba binti katika kila sura ukatwe, maana maneno yake hayaeleweki na mtu. Anataka jibu Jumatatu. Nikiri hapa: nilishaanza kuukata. Hata mimi, niliyeupokea kwa Mama pamoja na hadithi, sikujua maana ya maneno yale, na nilikuwa naona aibu kuuliza.

Leo nikaona angalau nimuulize Shangazi Mwanahija, dada wa marehemu baba, mkulima wa mwani mwenye ulimi mkali. Nilimkuta barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miaa, majani makavu ya mkindu, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Nikamwamkia, nikamwomba anisimulie hadithi ya Mwanashungi, nikawasha simu nimrekodi. Akaitazama simu, akaitazama mikono yangu.

"Hiyo hasimuliwi mtu aliyekaa mikono mitupu," akasema, akanirushia fungu la miaa.

Niliondoka kisiwani nikiwa na miaka tisa. Sijawahi kumaliza ukili hata wa kawa ya kufunikia sahani.

Basi nikasuka, yeye akasimulia. Nikikosea, ananifumulisha mpaka palipoharibika, na hadithi nayo inarudi mpaka pale ilipokuwa wakati nakosea. Anasema ndivyo bibi alivyowafundisha wao. Kwa hiyo jini amechumbia mara nne leo. Mara ya tatu Shangazi alimchoka, akauliza huyu mwanamume ana kazi gani zaidi ya kukaa kisimani. Nilicheka mpaka miaa ikanipotea mkononi, tukafumua tena.

Mara ya nne ndipo nilipolisikia jambo ambalo masikio yangu yalikuwa yanalipita tu. Binti alikuwa anasuka. Kila siku, kabla ya kumpa jini neno, alilisuka kwanza kwenye ukili wake. Mama hakuwahi kunisimulia hilo. Nikamuuliza Shangazi mbona kwetu hadithi ilikuwa inaishia kwenye jina. Naye akaniuliza:

"Mama yako huko Dar alisimulia na miaa gani?"

Hakuwa nayo.

Kusuka kulipoachwa, na sehemu iliyokwenda na kusuka iliachwa. Hilo limeniuma kwa ajili ya Mama, ambaye hakujua kuwa kuna kitu amekiacha huku. Kisha nikasikia mwisho, na uchungu ukapungua. Siku ya harusi binti, aliyekwisha kupoteza hata jina, anatandika mkeka wake, jini anaketi. Anapitisha vidole kwenye ukili kuanzia ukingoni, na midomo inaanza kutaja maneno moja baada ya jingine, mpaka jina lake. Jini akitaka kuinuka hawezi mpaka naye ayaseme yote. Akajifunza, masikini, kwa taabu. Wakaoana, na watoto wao wakasema lugha ya mama na ya baba.

Na hayo maneno ya kwenye mkeka? Shangazi aliyaimba. Ni wimbo uleule.

Kwa kuukata, nilitaka kumfanyia Mwanashungi kile ambacho jini mwenyewe alishindwa.

Shangazi anajua maana ya maneno kama nusu hivi. Hayo nimeyaandika. Mengine hata yeye hayajui, anayaimba tu kama alivyoyapokea, na kitabuni nitayaacha hivyohivyo.

Nimerudi nyumbani nikamwandikia mhariri kwamba wimbo unabaki, mwisho unabadilika, na naomba muda. Amejibu hapohapo: anataka kwanza kusimuliwa huo mwisho. Nimemwambia aje Mafia, miaa ipo.

Ukili wangu uko mezani hapa, dhiraa moja tu, umepinda. Nilipoaga, Shangazi aliushika, akaupapasa, akasema umeharibika tangu mwanzo kabisa, na kesho asubuhi tutaufumua wote. Maana yake hadithi itaanza upya, bahari itameza mji, jini atakuja kuchumbia tena. Nami sina haraka hata kidogo ya kujua kusuka.