Somoe na Chupa ya Dawa ya Mikorosho

Jumatatu, 14 Julai

Kibaraza changu kimejaa tangu saa tisa. Ukungu umeondoka, baridi haijaondoka. Ni watoto wale wale ninaowafundisha, walioitwa "wazito" shuleni: darasa la nne, na herufi bado zinawapiga chenga. Kutoa kwa kukopa hawawezi. Lakini Somoe leo amesoma ukurasa mzima bila kukwama. Mwanzo wa mwaka hata jina lake lilimshinda. Mmoja akapiga kelele, "Huyu tumpeleke bungeni!" Nimecheka hadi nikaona aibu.

Kazi ya nyumbani ni ileile: soma kila chenye maandishi. Mfuko wa chumvi, sabuni, dawa ya mikorosho. Vitabu vya shule vimejaa treni na bandari. Hawa wanaishi na korosho.

Jumatano, 16 Julai

Kikao cha elimu cha kata. Nimelipuka tena. Nimewaambia walimu wanafuga kasuku: mtoto anaimba jedwali la saba, ukimuuliza machungwa ya watoto watatu wenye saba kila mmoja, anakodoa macho. Afisa elimu kata akanijibu, "Mama Tumaini, wewe uliacha chaki ukakimbilia magazetini. Kulaumu ni rahisi." Nikamwambia aje kibarazani kwangu amsikilize Somoe. Atakuja Jumatatu. Safi. Nitamnyamazisha.

Jioni, bombani, Mama Somoe alinishika mkono. "Mwanao jana katusomea chupa ya dawa. Majirani wakaja kusikiliza. Kama redio!" Mwanao, kasema. Nimerudi kichwa kimenivimba.

Ijumaa, 18 Julai

Hamisi, mdogo wake Somoe, ambaye hata kuongea hajakamilisha, yuko hospitali Newala. Anatapika. Mate na jasho vinamtoka, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Mama Somoe naye aliugua, ila amesimama. Daktari aliuliza walikula nini. Majani ya kunde. Yalichumwa jana shambani, chini ya mikorosho, na mikorosho ilipuliziwa dawa juzi. Yalioshwa kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye ndoo.

Daktari akaitaka chupa. Nimeifuata kwao Chilangala, nikaisoma nikiwa nyuma ya bodaboda. Imeandikwa wazi, kwa Kiswahili. Mboga zilizo chini ya miti zisichumwe mpaka wiki mbili zipite.

Maneno hayohayo Somoe aliwasomea majirani.

Naogopa. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Benchi la wodi. Nilimuuliza Mama Somoe taratibu. Siku ile walifurahia sauti ya mtoto, maneno yakawapita. Kumbe kabla ya kwenda shamba alimuuliza mtoto, "Kwa hiyo mboga tuchume?" Somoe akasema, "Ndiyo, Mama."

Angesema nini kingine? Huku mtoto hamwambii mkubwa "sijui." Ni utovu wa adabu. Anamtazama usoni anayeuliza, anatafuta jibu linalotakiwa, analitoa. Mama alikuwa na kikapu mkononi. Jibu lilikuwa ndani ya kikapu.

Na mimi? Miezi yote hii sikuwahi kumuuliza Somoe, "Maana yake nini?" Nilisikia sauti inatiririka, nikatosheka. Kasuku niliyewatukania wenzangu nimemlea mwenyewe, nikamvisha sifa, nikampa chupa ya sumu awasomee watu.

Hamisi anapumulia mashine. Wakishindwa hapa watampeleka Masasi. Naogopa ile barabara. Naogopa simu ikiita, naogopa isipoita. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua dawa hizi zinafanya nini kwenye mapafu ya mtoto. Leo natamani nisingejua kusoma.

Jumapili, 20 Julai

Hamisi vilevile.

Somoe hasemi. Nimemkuta nyuma ya jiko. Mfuko wa chumvi ameugeuza, maandishi yanatazama ukuta. Shangazi yake hakunikaribisha hata kiti. Nilimsalimu, akaitikia kwa shida, kisha akasema watu wasikie: "Kusoma kwenyewe ndiko huku? Alipokuwa hajui tulikuwa wazima."

Mimi ninayejibizana na wakubwa magazetini niligeuka, nikaondoka. Mtoto huyu akifunga mdomo sasa, hataufungua tena. Hilo linanitisha karibu sawa na kifo cha Hamisi. Nimeliandika neno "kifo." Nimelikata. Bado linasomeka.

Jumatatu, 21 Julai

Afisa elimu kaja. Nilikuwa nimemsahau. Nilitaka kumfungia mlango. Badala yake nikamwambia yote, nimesimama, kama mwanafunzi aliyekosa. Nikasubiri acheke.

Akakaa chini kwenye mkeka na suruali yake nzuri. "Wangu yuko la tano," akasema. "Anasoma kama mtangazaji. Sijawahi kumuuliza."

Nilimchukia kwa kutonicheka.

Simu ikaita akiwa bado hapo. Sikuweza kuipokea, akanipokelea yeye. "Ameomba uji," akasema. "Mtoto ameomba uji." Nimelia mbele ya mtu niliyemtukana Jumatano. Potelea mbali.

Alhamisi, 31 Julai

Hamisi yuko nyumbani. Miguu bado haina nguvu, lakini kuku anawafukuza.

Somoe amerudi kibarazani wiki hii. Anakaa mwisho kabisa, karibu na ngazi. Tunakwenda polepole mno sasa. Sentensi moja. Naifunika kwa kiganja, nauliza inataka tufanye nini. Wengine wanachoka. Mimi pia.

Leo Mama Somoe alikuja na ile chupa. Tupu, imeoshwa, imefungwa kwenye mfuko. Aliiweka katikati ya mkeka, akakaa pembeni.

Somoe alisoma mstari mmoja. Vizuri, kama zamani. Nikafunika.

"Inataka tufanye nini?"

Akamtazama mama yake usoni. Muda mrefu. Mama yake akainamisha macho, akawa anakunja upindo wa khanga. Hapakuwa na jibu pale. Somoe akarudisha macho kwenye chupa.

"Sijaelewa," akasema.

Nikaondoa kiganja. Tukaanza tena mwanzo wa mstari.