Mikate ya Chokoleti Iko Chini ya Bakuli

Mama, Baba,

Mikate yangu ya Kifaransa ya chokoleti iko chini ya bakuli la bluu. Ipasheni moto kwenye oveni dakika tano tu. Bibi ale mkate mzima. ~~Baba asionje, ana sukari.~~ Baba ale robo, tena akiwa amekaa mezani, si kusimama jikoni akichungulia mlango.

Mama, asubuhi ulinikata maini. Tangu jana nakunja unga na siagi, tabaka juu ya tabaka, halafu unasema, "Mwanangu, hapa lishe iko wapi?" Sawa, muuguzi wangu. Siagi ni nyingi, sukari ipo, na si chakula cha kila siku. Lakini lile ganda linavyovunjika na chokoleti inavyoyeyuka ulimini, mizani yenu ya kliniki haipimi. Na makombo kwenye kola ya sare yako je? Niliyaona, nikacheka hadi kituo cha basi... hapana, hadi mlangoni, bado sijatoka!

Leo mwokaji mkuu wa kazini kwangu anaonja mingine niliyobeba. Akiikubali, itauzwa dukani. Kabla ya neno lake nataka lako. Nitumie ujumbe kabla ya saa sita: mitamu au si mitamu? Lishe usiitaje.

Kitindamimba wenu